Binti Mwenye Jina la Mkwe

Mimi nilizaliwa mwaka wa njaa, na bibi yangu, ambaye hakuwa mtu wa kuficha mambo, akaniita hivyo hivyo. Kwetu Usukumani ni jambo la kawaida mtoto kupewa jina la kile kilichokuwa kikitokea siku anayozaliwa. Wa kike aliyekuja na mvua ni Kabula, aliyekuja na jua ni Limi, anayefuata mapacha ni Shija. Mimi nikawa Njaa, kwa Kisukuma chake, na hicho Kisukuma hakikunisitiri hata kidogo, maana shule ya bweni niliyosoma ilijaa Wasukuma wenzangu. Nikisimama kwenye foleni ya uji hakukosekana wa kupaza sauti, "Jamani, Njaa imeingia!" Mama akiniita kutoka jikoni kwa nguvu, jirani mmoja mchokozi alikuwa akichungulia dirishani na kuuliza kama atuazime unga. Nikala kiapo nikiwa bado msichana mdogo: siku nikijaliwa binti, nitampa jina la kuita kwa raha. Liwe fupi, liwe tamu, nikilipaza uani hata mpita njia atabasamu.

Serikali ikanipangia ualimu Mpuguso, wilayani Rungwe, kwa Wanyakyusa, mbali na kwetu kiasi kwamba mama alilia kama nimefukuzwa nchini. Nilifika mvua inanyesha, nikalala inanyesha, nikaamka inanyesha, na wenyeji wakaniambia nimebahatika kufika wakati wa kiangazi. Asubuhi ya kwanza darasani nikafungua mahudhurio na kuanza kuita majina. Nusura nisimame kusali.

Jina la Kinyakyusa mara nyingi ni sentensi nzima, na Mungu yumo ndani yake. Mwalimu mwenzangu, mwenyeji, alinitafsiria wakati wa chai. Atupele, ametupa. Atuganile, ametupenda. Tusajigwe, tumebarikiwa. Tupokigwe, tumeokolewa. Kwa hiyo nilipokuwa nikisoma mahudhurio yangu nilikuwa naongoza ibada bila kujua, na watoro ndio waliokuwa wakiivuruga. Tumebarikiwa? Anaumwa, mwalimu. Ametupenda? Hayupo, ameenda kuuza ndizi.

Nikaugua ugonjwa wa majina. Mzazi akija kuandikisha mtoto, mimi sikumwacha aondoke mpaka anieleze alikolitoa hilo jina. Baba mmoja wa Kisondela alikuja na binti anaitwa Hass, kama ile aina ya parachichi, kwa sababu mwaka aliozaliwa ndio miti yake ilizaa kwa mara ya kwanza na yeye akaezeka nyumba. Nikamuuliza, na angekuwa wa kiume? Akafikiri kidogo akasema angemwita Bati. Mama mwingine, wa Isongole, alikuwa na binti anaitwa Sensa. Karani alifika nyumbani kwao asubuhi, mtoto amezaliwa alfajiri hiyo, na karani akakataa kumhesabu kwa sababu hakulala pale usiku wa kuamkia siku ya sensa. Baba mtu akahamaki, akasema kama hawamtaki kwenye sensa yao basi sensa ni huyu hapa. Nilicheka mpaka yule mama akaanza kunitazama vibaya.

Mimi na majina yangu tukaolewa Kisondela. Mume wangu ni bwana shamba, mtu wa maneno machache na viatu vya matope, na nilimpenda kwa vyote viwili. Wiki ya kwanza ya ndoa mama yake alinishika mkono, akanipeleka nyuma ya nyumba na kunifunda.

"Gwe mwana," aliniambia, "huku kwetu baba wa mume anaheshimiwa. Jina lake hulitaji. Hukai naye, huli naye, hukutani naye njiani uso kwa uso. Ukimsikia anakuja, potea."

"Nipotelee wapi, mama?"

Akanitazama kama mtu aliyeletewa mkwe asiye na macho. "Migomba yote hii, mwanangu, unauliza wapi?"

Wake wa shemeji zangu, waliozaliwa hapo hapo, walikuwa wameshaulegeza huo mwiko zamani. Walimwita mzee babu, wakampelekea chai, wakabishana naye habari za kanisani. Mimi niliwaona hawakulelewa vizuri. Nilikuwa mgeni, tena Msukuma, na nilitaka mtihani wa ukwe niufaulu kwa alama zote. Tuliishi Mpuguso karibu na shule, lakini wikendi na likizo tulikuwa Kisondela, na huko mzee akitokea kulia, mimi nazama kushoto. Nimezama migombani na beseni la vyombo kichwani. Nimezama siku ya Jumapili na gauni la kitenge na viatu vya kisigino. Siku moja nilizama bila kuangalia nikatua kwenye shimo la taka, nikakaa humo kimya na maganda ya ndizi mpaka alipopita.

Mzee mwenyewe alikuwa mrefu, mpole, mtu wa kofia na fimbo, na alikuwa na kikohozi kibaya. Akitoka ndani anakohoa. Akifika kwenye kona ya nyumba anakohoa. Akielekea bandani kwa ng'ombe anakohoa njia nzima. Mama mkwe alimchemshia tangawizi na asali asubuhi na jioni, akasimama mbele yake kuhakikisha kikombe kimeisha. Mzee alikunywa bila kunung'unika. Nilimhurumia sana, kutoka migombani.

Shuleni nako nikaingia matatani, maana darasani kwangu kulikuwa na msichana mwenye jina kama la mzee. Ni jina la wote, wake kwa waume. Kabla ya ndoa nilikuwa nikiliita kila asubuhi wala sijali. Baada ya ndoa likanikaukia mdomoni. Nikafika kwenye jina lake, nikanyamaza, nikasema, "Na wewe wa dirishani, upo?" Watoto wa kwingine wangeshangaa. Hawa walitazamana, wakaelewa papo hapo, darasa zima likaangua kicheko. Kuanzia siku hiyo yule msichana aliitwa Mkwe mpaka alipomaliza darasa la saba, na kila mara alinipisha mlangoni kwa heshima ya kunikejeli.

Nikapata mimba. Furaha yangu msiniulize. Mama akapiga simu kutoka kwetu.

"Huko mvua inanyesha?"

"Inanyesha, mama."

"Basi akiwa wa kike ni Kabula."

"Mama, hapa kwa hesabu hiyo wilaya nzima ingeitwa Kabula."

Mimi nilikuwa nimeshachagua. Limi. Jua. Mahali ambapo jua linakuja kama mgeni mwenye haraka, nilitaka niwe na langu mwenyewe ndani ya nyumba. Nililifanyia mazoezi. Nikiwa peke yangu jikoni nilikuwa naita, "Limi! Limi, njoo ule!" kisha nasikiliza lilivyopita uani. Mume wangu alinikuta siku moja naita hewa, akacheka, akasema ni jina zuri. Tukakubaliana.

Siku ya kujifungua ilipokaribia nikachukua likizo ya uzazi nikahamia Kisondela kwa wakwe. Hapo ndipo kikohozi cha mzee kilipopanda. Nilikuwa pale uani kutwa nzima, naye kutwa nzima alikohoa. Kwenda chooni anakohoa, kurudi anakohoa. Ukoo ukakaa kikao, wakampeleka hospitali, kifua kikapigwa picha. Daktari akasema mapafu ni safi kabisa. Badala ya kufurahi, watu wakazidi kuogopa. Shangazi yake mume wangu alisema ugonjwa unaojificha hata kwenye picha si wa kuchezea, na akaanza kulia kabisa kabla ya wakati wake.

Mzee akaona hali ile, akawaita wanawe. Akasema hana ombi kubwa. Mtoto wa mwalimu, awe wa kiume awe wa kike, apewe jina lake. Nani angemkatalia mzee wa kofia na fimbo, mwenye ugonjwa usioonekana? Mume wangu alinijia jikoni kichwa chini, akaanza kuzungumza habari za mbolea, nikajua kuna jambo. Aliponiambia nililia. Nililia kwa ajili ya Limi, ambaye nilikuwa nimeshamwita mara nyingi hata kabla hajaja. Kisha nikajifuta, nikasema sawa. Jina lenyewe ni zuri, siwezi kusema uongo. Kwa Kiswahili ni kama kusema hakutusahau.

Akazaliwa wa kike, ana nywele tele na hasira za kwetu. Tuliporudi kutoka hospitali ndugu walijaa sebuleni, mzee akiwa nje barazani, upande wa pili wa ukuta, kama inavyotakiwa. Mama mkwe alimnyanyua mtoto, akatangaza jina, vigelegele vikapigwa hadi kuku wakakimbia. Kisha akaniwekea mtoto mapajani.

"Haya, mwite mwanao. Akusikie mama yake."

Nikafungua mdomo. Nikaufunga.

Sebule nzima ikanigeukia. Niliwaona wakielewa mmoja baada ya mwingine. Wanaume hawakuwa wamelifikiria kwa sababu wao hawajawahi kukatazwa jina la mtu. Wanawake hawakuwa wamelifikiria kwa sababu waliamini safari hii wanaume wamefikiria kitu. Wake wa shemeji zangu walikuwa wameusahau mwiko wenyewe, na mimi nilikuwa nimeshughulika kumlilia Limi. Mama mkwe alishika kichwa. Shangazi akasema, "Mungu wangu," akakaa chini. Nje barazani mzee akakohoa, lakini mara moja tu, kidogo.

Ushauri ulitolewa mwingi. Mmoja akasema niruhusiwe tu. Mama mkwe akauliza, aruhusiwe na nani? Wa kuruhusu ni mzee, na nani ataenda kumwambia mzee kwamba mkwe wake anataka kumtaja? Mume wangu akatazama viatu vyake. Kwa hiyo ikabaki hivyo, na mimi nikawa mwanamke pekee Kisondela asiyeweza kumwita mtoto wake jina.

Ukizaa Tanzania unapoteza jina lako, unakuwa mama fulani. Kwa mtu aliyeitwa Njaa hii ilipaswa kuwa nafuu. Lakini mimi nikawa mama wa baba mkwe wangu. Sokoni, kanisani, njiani, watu waliniamkia hivyo, na mimi nikaitikia huku naona aibu, kama nimejitwalia cheo. Mume wangu alimwita binti yake "baba", kwa kuwa ana jina la baba yake, na asubuhi akiwa na furaha alimwamkia shikamoo. Mama mkwe alimwita "mume wangu", akamlalamikia kwamba haleti kuni. Kila mtu alikuwa na namna yake ya kufurahia lile jina isipokuwa mimi.

Kliniki muuguzi, mgeni kama mimi, aliniuliza jina la mtoto. Nikamwomba aangalie kadi. Akasema kadi anaiona, anataka kuhakikisha ni mtoto mwenyewe. Nikamweleza kwamba jina nalijua ila silisemi. Akaweka kalamu chini. Nikatoka nje nikamwita kijana wa bodaboda aliyenileta, nikamwambia, tafadhali njoo umwambie dada jina la mtoto. Akasema, "Madam, mimi nitalijuaje?" Nikamnong'oneza kwamba ni kama la mwenye nyumba ile ya mparachichi mkubwa, pale anaponishushia kila siku. Akalitamka kwa sauti kubwa. Muuguzi akatutazama wote wawili kwa muda, akaandika kitu ambacho mpaka leo sijui ni nini, kisha akampima mtoto uzito.

Nyumbani nilijaribu kila njia. Nilipiga makofi. Nilipiga mluzi, mama mkwe akasema nitaita nyoka. Nikamwita "we mtoto", "binti", "mama", "huyu wa kwangu". Mwishowe nikajaribu tafsiri. "Hakutusahau, njoo ule uji!" Jirani wa ng'ambo ya migomba akaitikia, "Amina, mama!" Mama mkwe akaamua kwamba tafsiri nayo hapana, huyo ni mzee yule yule amebadilisha shati.

Mnaosoma haya mnacheka, na mimi nilikuwa nacheka. Lakini kuna siku nilimsikia wifi yangu akimwita mwanangu kutoka barabarani, na yule mtoto akakimbia na miguu yake mifupi, uso unameta. Mimi nikimwita "we mtoto" alikuwa anatazama kwanza kama ni yeye au binamu yake. Nilikaa jikoni nikasikia wivu mchungu kabisa. Nilikuwa nimeota kumwita binti yangu tangu nikiwa kwenye foleni ya uji.

Binti yangu alikuwa anakaribia miaka mitatu, tukiwa tena Kisondela kwa likizo. Mama mkwe alikuwa jikoni anamenya ndizi za mbalaga. Mimi nilikuwa uani nasugua sufuria. Ng'ombe alikuwa amezaa juzi yake, na ng'ombe aliyetoka kuzaa hana mzaha na mtu. Nikainua kichwa, nikamwona binti yangu ameinama chini ya mti wa kuzibia mlango wa banda, ameingia ndani, anamfuata ndama kwa mikono miwili iliyonyooshwa. Na ng'ombe ameshusha pembe.

"We mtoto!" Hakugeuka. Uani kulikuwa na watoto kibao.

"Mama!" nikaita.

"Bee!" akaitikia mama mkwe kutoka jikoni.

"Hakutusahau!"

"Amina!" Jirani huyo.

Ng'ombe akapiga kwato. Likanitoka. Lile jina lote, mwanzo mpaka mwisho, kwa sauti ya kutoka Kisondela hadi Tukuyu mjini, sauti niliyoitunza miaka yote.

Binti yangu akasimama pale pale. Akageuka akanitazama kwa mshangao mkubwa. "Abee, mama!" akasema, akaja mbio moja kwa moja, akapita chini ya mti, nikamdaka.

Na kutoka chooni, nyuma ya banda, sauti nzito ikaitika, "Naam!"

Mlango wa choo ukafunguliwa. Mzee akatoka, shati nusu ndani nusu nje, kofia imekaa upande. Mimi nina mtoto kifuani, nimelowa mapovu, na migomba yote ya karibu iko nyuma yake. Nikajifunika uso kwa khanga. Nilisubiri akohoe. Hakukohoa.

"Umeniita," akasema.

"Nisamehe, baba. Nilikuwa namwita mtoto."

"Najua. Lakini nimeitika." Akavuta ndoo ya kukamulia, akaipindua, akaikalia kama mtu aliyechoka. "Mwanangu, mimi sina kikohosi," akasema kwa lafudhi yake nzito ya Kinyakyusa.

Sikuelewa. Nikashusha khanga kidogo.

"Sijawahi kuwa na kikohosi. Nakohoa ili ujue napita, usije ukaanguka tena kwenye lile simo. Nilikuona siku ile. Wensako wananiita babu, wananiletea chai, wanagombana na mimi. Wewe tangu umekuja nimekuona mgongo tu, unaingia migombani. Nikasema, nikimpa mtoto jina langu, mama gani atakaa bila kumwita mwanawe? Wiki moja, nikasema, halafu atasoea, tutasungumsa." Akatikisa kichwa. "Kumbe mwanangu ameoa jiwe. Miaka karibu mitatu! Na daktari amenipiga picha!"

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, vikaja vyote kwa pamoja. Mtu huyu alikuwa akinipigia hodi kila kona, na mimi nilikuwa nikimpelekea pole kutoka kwenye majani.

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na kisu chake cha ndizi. Nilidhani atakemea mwiko uliovunjwa. "Tangawisi yangu!" alisema. "Asali yangu yote! Unakunywa unanitazama tu!" Mzee akainamisha kofia, akasema asali ilikuwa tamu. Mama mkwe akampa kisogo, akanigeukia mimi, akatoa hukumu pale pale. Kuita, ruhusa, maana mwenye jina ameitika. Kuandika, ngoja kwanza afikirie. Anafikiria mpaka leo, ndiyo maana hamlioni jina hilo humu.

Aliporudi jikoni tulibaki watatu pale mbele ya banda. Mtoto alikuwa amenishika shavu, ananitazama mdomo, anasubiri. Mzee alikuwa bado amekalia ndoo yake.

"Ita tena," akasema.

"Nimwite nani, baba? Wewe au yeye?"

"Ita tu. Mwenye kusikia ataitika."

Nikaita, taratibu safari hii, kama nilivyokuwa nikifanya mazoezi peke yangu jikoni. Wakaitika wote wawili, ila mzee ndiye aliyewahi.